Je, "haelewani na wenzake" inatosha kumnyima mtu cheo?
Ndugu, umeuliza kama kamati ya idara inaweza kumkatalia mhadhiri cheo kwa kuwa "haelewani na wenzake". Isiwe kigezo kinachojitegemea. Hata AAUP, chama cha maprofesa Marekani, kilionya hivyo mwaka 1999: ushirikiano upimwe ndani ya ufundishaji, utafiti na huduma.

Andikeni tendo, si tabia. "Ni mkaidi" haipimiki. "Alichelewesha alama za mtihani wiki 3, akaandikiwa barua, akarudia muhula uliofuata" inapimika. Aoneshwe tuhuma hizo, ajibu kwa maandishi kabla faili halijafika Bodi ya Uteuzi ya chuo, kwa vyuo vya umma hapa Uganda. Mkikuta kosa lenyewe ni kumpinga mkuu wa idara vikaoni (na mara nyingi ndilo, tusidanganyane), lifuteni.