Data "binafsi" au data "ya ndani"?

Swali: Naandaa masomo ya Java, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, kwa Kiswahili. Neno "private", linalozuia data isiguswe kutoka nje, nimelifasiri "binafsi". Mwenzangu anashikilia "siri". Nani yuko sahihi? Na ule utaratibu mzima wa kufungia data ndani ya klasi (kiolezo cha kuundia vitu vya aina moja, kwa Kiingereza "class") tuuiteje?

Jibu: Mmekaribia, ila hakuna aliyelenga.

"Siri" ndiyo inayoanguka upesi. Siri ni jambo lisilojulikana. Chukua mfano wa klasi ya Akaunti: salio lililoandikwa na kufungiwa ndani yake linaonwa na kila anayefungua faili la programu. Kinachozuiwa ni msimbo wa nje kuligusa. Mwambie mwanafunzi kuwa hiyo ni siri, kesho ataandika nywila humo na kulala usingizi.

"Binafsi" lina mtego zaidi. Umelitoa kwenye "sekta binafsi" na "sekta ya umma", na huko linafaa kwa kuwa jambo ni umiliki. Hapa hatuulizi mali ni ya nani, tunauliza nani anaifikia. Isitoshe, neno hilo limebeba nafsi, kwa hiyo msomaji atadhani kila akaunti inalinda salio lake hata dhidi ya akaunti mwenzake. Java haifanyi hivyo. Ndani ya mbinu (kipande cha msimbo kinachofanya kazi fulani) ya kuhamisha fedha, akaunti moja yaweza kuandika nyingine.salio, yaani salio la akaunti nyingine, na kompaila, programu inayokagua na kutafsiri msimbo, isigune, maadamu zote ni za klasi moja. Mpaka uko kwenye klasi, hauko kwenye nafsi. Mimi nasema "ya ndani", na kinyume chake ("public") "ya wazi".

Na "protected", neno la tatu la kupanga nani anaifikia data, je? Wengi huandika "iliyolindwa", nami huwa nakunja uso. Ukisikia kitu kimelindwa unadhani hicho ndicho chenye kufuli kubwa kuliko vyote, kumbe kimelegezwa: klasi zinazorithi zinakifikia, na katika Java hata majirani wa kifurushi kimoja, yaani klasi zilizowekwa kundi moja. "Ya warithi" linawaacha majirani nje, lakini angalau halidanganyi kuhusu kufuli.

Utaratibu wenyewe uiteni ufumbataji. "Ufichaji" unataja nusu tu ya kazi. Fumbata limetokana na fumba, na ile -ata ya mwisho ni ya mshiko, kama katika kamata, pakata na ambata. Mkono uliofumbata umeziba na pia umeshika. Kwa hiyo andikeni: klasi ya Akaunti imefumbata salio pamoja na mbinu za kuliongeza na kulipunguza.