Kabla hujapaka ukuta wa mtaa, kaa kwanza kijiweni

Mara ya kwanza tulivyoamua kuchora ukuta wa mtaa wetu huku Temeke, mi nilichora Mlima Kilimanjaro, twiga wawili na Mmasai kasimama na mkuki wake. Kipindi kile niliona nimeua kabisa. Ukuta wenyewe mrefu, kama mita 20 hivi, uko nyuma ya genge, watu wakipita wanasema "hongera fundi" halafu wanaendelea na safari zao. Haikuisha miezi miwili juu ya twiga kuna karatasi ya mganga kutoka Sumbawanga, anarudisha mpenzi, anasafisha nyota, na chini kwenye miguu ya Mmasai mtu kaandika kwa mkaa USIKOJOE HAPA, na kaandika hivyo kwa sababu walikuwa wanakojoa kweli.

Nilisusa wiki nzima, naambia kila mtu eti watu wa huku hawajui sanaa. Bibi mmoja anayeuza vitumbua pale pembeni ndo akanimaliza, akaniuliza, "Mjukuu wangu, huku kwetu nani anafuga twiga?"

Sikuwa na jibu. Nilichora kalenda ya mtalii halafu nikategemea watu wajione mle ndani. Baadaye nikakumbuka habari za mchoraji Elimo Njau, Mchaga wa Marangu, yule aliyekuja kuanzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa kule Nairobi mwaka 1965. Miaka ya 50 alichora maisha ya Yesu kwenye kuta za kanisa Murang'a, na akayachora kwenye mazingira ya watu wa pale pale, vilima vyao, nyumba zao, sura zao. Mtu anaingia kusali anakuta ukutani kijiji chake. Mi nilikuwa nimefanya kinyume chake.

Sasa ushauri wangu wa kwanza, na kama hutosoma kwingine kote soma hapa: usiwaulize watu "sisi ni nani" au "utambulisho wetu ni upi". Ukiuliza hivyo kila mtu anageuka mgeni rasmi, watakujibu amani, umoja na mshikamano, na utaishia kuchora mikono miwili inapeana salamu. Mi mara ya pili niliuliza swali moja tu: ukimuelekeza bodaboda aje kwako, unamwambia akushushe wapi? Hapo ndo mtaa ulifunguka. Kwa Mpemba, japo huyo Mpemba alishahama zamani na duka anauza Mkinga. Bombani, ambapo bomba halipo. Mwarobaini, ambao ulikatwa wakati wa kupanua barabara na mpaka leo watu wanasema "nishushe mwarobaini" na bodaboda mtoto wa juzi ambaye hajawahi kuuona huo mti anakushusha palepale! Nilikaa kijiweni jioni nne nasikiliza tu, wanabishana bomba lilikuwa upande gani wa njia, mzee mmoja akachukua kijiti akachora chini mstari wa foleni ya ndoo, nani alikuwa anawahi saa kumi alfajiri, nani alikuwa anaweka tofali kushika nafasi halafu anarudi kulala. Huo mchoro wa kijiti ndo uko ukutani leo, foleni ya ndoo na tofali moja katikati.

Halafu usiitishe kikao kimoja ukadhani umesikia mtaa. Tulitangaza kikao saa nne asubuhi ofisi ya serikali ya mtaa, wakaja wenye nyumba watupu, tena wazee. Wapangaji hakuna, na mtaani kwetu wapangaji ndo wengi. Kumbe wao wanaona mambo ya mtaa hayawahusu, mmoja aliniambia "sisi tunalipa kodi tu, mtaa ni wa wenyewe", na huyo ana miaka 11 pale, watoto wote kawazalia pale. Ikabidi niwafuate wenyewe walipo, saluni, kwenye vikoba, kwa mama ntilie, kwenye kundi la joging Jumapili alfajiri. Ndo maana kwenye ukuta kuna mlango mmoja umejaa viatu nje, viatu vya kila aina, hiyo ni nyumba ya kupanga na kila aliyewahi kupanga anaijua. Yule dada aliyepanga miaka 11 kandambili zake za bluu kazipaka mwenyewe.

Rangi. Hapa mtu wa nje hawezi kuelewa mpaka yamkute. Ukiweka kijani na njano vikakaribiana, wewe ni Yanga, au mbaya zaidi ni CCM. Nyekundu na nyeupe, Simba huyo. Hizi timu zipo toka 1935 na 1936 na watu wana kumbukumbu ndefu, tulipaka mlango kijani na fremu ya njano asubuhi, mchana kuna mtu kashaenda kwa mwenyekiti kulalamika. Tukahamia kwenye rangi ya udongo, bluu ya ndoo na ile pinki ya nyumba za zamani. Uzuri kukawa na umoja wa rangi ambao tusingeupata kwa kutaka.

Na aina ya rangi pia, maana hapa nilipoteza hela. Nilipenda rangi ya mafuta kwa sababu inang'aa kama picha za Tingatinga, ila marehemu Edward Saidi Tingatinga, mchoraji aliyeanzisha picha hizo, alikuwa anapaka rangi ya baiskeli juu ya hadibodi, na hadibodi haina unyevu unaopanda kutoka chini. Ukuta wa tofali huku Dar una chumvi na fangasi, ukiuziba na rangi ya mafuta maji yanatafuta pa kutokea na baada ya mvua za masika rangi inabanduka magamba magamba. Kwangua plasta mbovu, acha ukuta ukauke vizuri, piga praima ya nje, halafu tumia rangi ya maji ya nje. Ghali kidogo ila inakaa.

Ruhusa iwe ya maandishi, na muhuri, na iseme mchoro utakaa miaka mingapi. Usiniulize kwa nini. Haya basi: mchoro wetu mwingine mdogo uliamka siku moja umekuwa tangazo la kampuni, mwenye ukuta kalipwa, na sisi karatasi hatuna.

Sura za watu tuliziacha. Ukimchora mwenyekiti, wa zamani atanuna, na majirani wengine kwa dini yao hawapendi picha za sura. Tukachora watu kwa mgongo. Na mgongo wa mama umevaa kanga ndo ukaleta kasheshe, maana kanga lazima iwe na jina. Wakina mama wakachagua "Hasidi hana sababu" wanacheka cheka, mi nikaanza kupima herufi na chaki. Bibi wa vitumbua akanivuta pembeni: "Usiandike hiyo, mtaa mzima utajua anasemwa nani." Na kweli alikuwepo anayesemwa, tena nyumba yake inatazamana na ukuta. Nyingine wakapendekeza, kila moja ina mwenyewe. Mwisho ile sehemu ya jina tukaipaka rangi ya ubao, nyeusi ya darasani, tukaacha boksi la chaki kwa bibi.

Kopo za rangi zilizobaki nazo ziko kwa bibi, zimeandikwa kwa maka ipi ni ya nini, watoto wakichubua mtu anarudishia palepale bila kunitafuta. Mganga wa Sumbawanga hajarudi bado. Kwenye kanga jina linabadilika kila siku mbili tatu, kuna wiki iliandikwa maji yatakatika Alhamisi, kuna siku iliandikwa pole mama Asha. Jana nimepita nikakuta "UNGA WA VITUMBUA UMEPANDA BEI MSINISEME", na mwandiko naujua.