Maswali na Majibu: Jino Lililong'oka kwa Ajali

Mwanangu wa miaka 10 aliangukia uso, na jino la mbele likatoka lote pamoja na mzizi. Nililitupa nikidhani halina kazi tena. Je, lingeweza kurudishwa?

Pole sana, ndugu mzazi. Kwa umri huo meno ya mbele kwa kawaida huwa tayari ni ya ukubwani, na jino la ukubwani lililotoka zima mara nyingi huweza kurudishwa kwenye tundu lake na kushika tena. Kinachoamua ni utando mwembamba wa nyuzi na seli hai uliobaki juu ya mzizi, ambao ndio uliokuwa ukilishikiza jino kwenye mfupa wa taya. Utando huo ukikauka hufa, na jino likikaa pakavu kwa saa moja, seli zake nyingi huwa haziwezi tena kupona. Ndiyo maana tunasisitiza kwamba jino lirudishwe papo hapo, ikiwezekana ndani ya dakika 15, na mtu yeyote aliye karibu, bila kumngoja daktari. Hata lililochelewa lisitupwe. Mpelekee daktari wa meno aamue.

Hata hivyo, aliyeumia akipoteza fahamu, akitapika au akionekana kuchanganyikiwa, kichwa ndicho kinachotangulia. Awahishwe hospitali, na jino lisafiri naye likiwa ndani ya maziwa.

Jino likiangukia mchangani, nilisugue kwa sabuni?

Hapana. Usilisugue, usilifute kwa kitambaa wala usilitie dawa ya kuua vijidudu, kwa sababu ukifanya hivyo unauondoa au kuuharibu utando uleule tunaotaka kuuokoa. Lishike kwa upande mweupe unaoonekana mtu anapotabasamu, mzizi usiguswe kabisa, kisha lisuuze kwa maziwa, au kwa maji safi ya baridi yanayotiririka polepole kwa sekunde zisizozidi 10. Chembe ya mchanga iliyong'ang'ania isikushawishi kuikwangua kwa ukucha, mwachie daktari.

Baada ya hapo litazame jino la jirani ili ujue upande wa mbele ni upi, lielekeze kwenye tundu na ulisukume taratibu hadi lilingane na mengine. Mgonjwa atasikia maumivu, lakini ni ya muda mfupi. Mpe kitambaa safi aking'ate ili jino lisitoke, kisha mwende kwa daktari wa meno mara moja.

Nikiogopa kulirudisha, niliweke kwenye glasi ya maji?

Maziwa baridi ni bora zaidi. Maji matupu hayana chumvi kama ilivyo mwilini, hivyo huingia ndani ya seli za mzizi, zikavimba na kupasuka. Yakikosekana maziwa, mgonjwa ateme mate kwenye kikombe na jino lizamishwe humo. Mtu mzima mwenye fahamu timamu anaweza pia kulihifadhi kati ya shavu na ufizi, ila mtoto mdogo asipewe kwa sababu anaweza kulimeza. Maji yawe chaguo la mwisho kabisa, ingawa hata hayo ni afadhali kuliko kulifunga jino kwenye karatasi likakauka.

Mtoto wa miaka 3 je?

Jino la utoto halirudishwi, kwani kulisukuma kunaweza kuliumiza la ukubwani linalokua chini yake. Mpeleke kwa daktari hata hivyo, hasa jino lisipoonekana, maana huenda limezama ndani ya ufizi au limevutwa kwenye njia ya hewa.

Jino likisharudishwa, kazi imekwisha?

Bado. Kwa kawaida daktari atalifunga pamoja na meno ya jirani kwa waya mwembamba kwa takriban wiki 2, muda ambao mgonjwa atakula vyakula laini na kupiga mswaki mlaini. Atauliza pia kuhusu chanjo ya pepopunda. Mzizi uliokomaa huhitaji kutibiwa kwa ndani, kazi inayofaa kuanza ndani ya wiki hizo 2. Kwa mtoto ambaye ncha ya mzizi bado iko wazi, daktari huweza kusubiri kuona kama damu itarudi. Ukaguzi wa picha za eksirei huendelea kwa miaka kadhaa, kwa kuwa mwili unaweza kuula mzizi polepole pasipo maumivu yoyote. Jino likibadilika rangi, likilegea au ufizi ukivimba, msisubiri siku ya miadi.