Fundi Nijibu: Pawasaplai ya nne hii, sasa ninunue mazabodi gani?

*Shikamoo fundi. Nina steshenari ndogo Morogoro, nachapa barua, fotokopi, picha za pasipoti na zile fomu za ajira za mtandaoni. Kompyuta yangu ni ya kuunganishwa, prosesa i5 4590, RAM 8 za DDR3, mazabodi H81. Toka Januari nimebadilisha pawasaplai tatu. Ya kwanza ilipasuka paa! umeme uliporudi, ya pili nilikuta asubuhi haiwaki, ya tatu ilikaa wiki tano tu. Nimeweka ya nne, nikibonyeza feni inazunguka kidogo inakata. Fundi wa hapa anasema mazabodi imekwisha, nimpe laki na 40 alete H81 mpya. Shemeji yangu anasema achana na mambo ya zamani, chukua ya DDR4. Nimsikilize nani? Umeme tunachangia na saluni ya pembeni, wao ndio wenye luku.*
Mama Steshenari, Morogoro

Marahaba mama. Hiyo ya luku umeichomeka mwishoni kama nyongeza, kumbe kwangu mimi ndio barua yenyewe. Pawasaplai, kile kiboksi kinacholisha kompyuta umeme, tatu mfululizo sio mkosi, na ukifunga mazabodi mpya, yaani ule ubao mkuu, leo kwenye umeme uleule utaniandikia tena, safari hii ukiwa huna hata hiyo laki na 40. Kwa hiyo tuanze ukutani, mazabodi baadaye.

Saluni ina madrai na pasi za nywele, drai moja tu inakula wati elfu moja na zaidi, sasa wakiwasha mawili matatu kwa pamoja na wewe umeme wako unapita kwenye kawaya kembamba kalikopitishwa kwenye tobo la ukutani, volti 230 zinafika kwako zimechoka. Watu wanadhani umeme mdogo hauunguzi kitu. Taa itafifia yaishe, ila pawasaplai haijui kufifia, mzigo wake ni uleule, kwa hiyo volti zikishuka inavuta ampia zaidi kufidia, inachemka ndani kwa ndani, na hizi za bei chee hazina uvumilivu huo. Yako ya pili naihisi ilikwenda hivyo. Ya kwanza ni kishindo cha umeme kurudi, hiyo dawa yake haina gharama, umeme ukikatika chomoa plagi kabisa, ukirudi subiri kama dakika tano utulie ndio uchomeke.

Kesho wakiwasha drai inua macho uangalie taa yako. Ikififia, waya ni mwembamba au viungo vimelegea, uvutiwe laini yako ya waya mnene kutoka kwenye mita. Ila ikiwa KALI zaidi ghafla, mama zima kila kitu uite fundi umeme mwenye leseni siku hiyohiyo, maana hapo huenda nyutro, ule waya wa kurudisha umeme, imelegea, na kama jengo ni la fezi tatu volti zinaweza kupanda toka 230 zikakaribia 400. Hakuna pawasaplai inayopona hapo, wala chaja ya simu, wala redio.

Halafu printa. Hujasema ila steshenari bila printa ya leza sijawahi kuiona. Ile ikianza kupasha roli lake inavuta umeme mkubwa kwa mkupuo, unaona hata taa inapepesa. Isikae ekstensheni moja na kompyuta, na usije ukaichomeka kwenye UPS, kile kiboksi cha betri cha kushikilia umeme ukikatika. Na ukigusa kasha la kompyuta ukahisi vidole vinachonyotwa ujue ethi, waya wa kwenda ardhini, haipo, ndio matokeo ya kale kamtindo ketu ka kusukuma kalamu kwenye tundu la juu la soketi ili plagi ya miguu miwili iingie. Nami nimeshafanya sana tu, sisemi kwa kujitoa.

Haya, sasa tuje kwenye mazabodi. Feni kuzunguka kidogo na kukata sio lazima pawasaplai iwe imekufa, mara nyingi ni pawasaplai inajilinda, imeona shoti mbele yake ikagoma. Mwambie fundi wako, wewe ukiwepo, achomoe ule waya mdogo wa pini nne, njano mbili nyeusi mbili, unaoingia karibu na prosesa, halafu awashe. Feni ikizunguka bila kukata, mara nyingi shoti iko kwenye zile transista zinazolisha prosesa, mazabodi imekwenda na fundi wako hajakudanganya. Ikiendelea kukata, atoe RAM, achomoe hadi disiki na kila kilichoko kwenye USB, nyuma na mbele, ajaribu tena kimoja kimoja. Nimewahi kukaa na mashine ya mteja nusu siku nzima, mazabodi nimeshaihukumu kifo, kumbe ni tundu la USB la mbele, kapini kamoja kamepinda kamegusa bati. Aibu yangu. Na kama kila kitu kimetolewa bado inakata, ipimwe pawasaplai yenyewe kwa maltimita: waya wa njano usome kati ya 11.4 na 12.6, mwekundu 4.75 hadi 5.25, wa rangi ya chungwa 3.14 hadi 3.47. Nje ya hapo hiyo ya nne nayo ni mbovu kutoka dukani. Ila kuifungua ndani hapana, kapasita yake kubwa, inayohifadhi umeme, inaweza kubaki na volti zaidi ya 300 hata ukiwa umeshachomoa.

Tuseme ni mazabodi kweli. Swali linalofuata, ambalo fundi wako na shemeji wote wameliruka, ni je prosesa ni nzima? Transista zile zikipiga shoti zinaweza kupeleka volti 12 moja kwa moja kwenye prosesa, na hapo inakuwa imekufa ila kwa macho inang'aa kama mpya. Kwa hiyo kabla hujatoa hata mia, prosesa na RAM zijaribiwe kwenye mashine nyingine nzima ya kizazi cha nne, ndio ile 4 ya mwanzo kwenye 4590 yako. Dakika kumi hazizidi.

Vikiwa vizima, namsikiliza fundi wako. Mazabodi ya aina ya H81 au B85, yenye soketi ya prosesa ya 1150, prosesa yako inaingia, RAM yako inaingia, kwa kuchapa na kuskani inatosha sana. Shemeji anasema DDR4, RAM za kizazi kinachofuata, kama vile ni mazabodi peke yake, lakini mazabodi ya DDR4 haipokei i5 4590 wala RAM zako za DDR3, hata ule mpasuo wa kwenye ukingo wa RAM haukai mahali pamoja, kwa hiyo anakuambia ununue vitu vitatu na sio kimoja. Mimi kati ya H81 mpya isiyo na jina na B85 ya mtumba ya kampuni inayojulikana naweza kuchukua ya mtumba, mradi nimeikagua. Inua kile kiwiko cha soketi, washa tochi ya simu uimulike kwa ubavu, pini zote zilale upande mmoja kama nyasi zilizopigwa na upepo, ukiona hata moja inametameta tofauti na wenzake hiyo imepinda, irudishe. Angalia vichwa vya kapasita, viwe bapa, kilichovimba hapana. Na angalia kama ina tundu la VGA, maana kioo chako cha zamani nacho usije ukalazimika kukinunulia adapta.

Usikubali mazabodi iliyotolewa kwenye mashine za ofisini za Dell au HP uje uifunge kwenye kasha lako. Nyingi za aina hiyo plagi ya umeme ni ya kwao wenyewe, pini sita au nane badala ya 24, na hata swichi ya mbele haifanani. Bei inakuwa tamu ndio maana watu wananasa.

Prosesa ikiwa imekufa, hesabu inageuka. Hapo usifufue kizazi cha nne, tafuta mashine nzima ya mtumba ya ofisini ya kizazi cha 8. Sababu ni kwamba Windows 10 iliishiwa msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025 na Windows 11 kwa Intel inataka kuanzia kizazi hicho, na wewe unaingiza vitambulisho na vyeti vya watu humo, sio mahali pa kubaki bila masasisho. Kasoro yake ni ileile ya plagi, pawasaplai ikiungua haipatikani kila duka. Ndio maana nasema ukuta kwanza.

*Fundi mambo. Nimeuziwa pawasaplai imeandikwa 600W elfu 35, mbona nyepesi kama kopo tupu? Inafaa?*
Kijana wa gemu, Tanga

Poa kaka. Namba kubwa ya kwenye stika iache, shuka kwenye kale kajedwali utafute mstari wa 12V uone ampia ngapi. Zidisha. Ikiwa 12V kwa 18A ni wati 216, na prosesa na kadi ya picha karibu zote zinakula hapohapo, kwa hiyo hizo 600 ni za maonyesho. Kama jedwali halipo kabisa basi usihangaike hata kuhesabu. Kwa kompyuta ya kuchapa isiyo na kadi ya picha inaweza kukaa kaa, kwa gemu utaniandikia kama mama hapo juu. Chukua ya kampuni yenye jina hata ya wati 400 tu, na kabla hujawasha angalia nyuma kama ina kaswichi kekundu ka 115 na 230. Kakiwa kwenye 115 ukaichomeka kwenye soketi ya kwetu, utasikia mlio mmoja tu.

*Nimebadilisha mazabodi, Windows inawaka lakini inasema haijaamilishwa. Nimeibiwa?*
Msomaji, Mbeya

Hapana dada, leseni ya Windows hufungwa kwenye mazabodi, kwa hiyo imeona mashine ngeni. Kama ulikuwa umeingia kwa akaunti ya Microsoft kabla ya kubadilisha, nenda sehemu ya kuamilisha, chagua kitatuzi cha matatizo useme ulibadilisha kifaa, mara nyingi inakubali. Kama leseni ilikuja na kompyuta toka kiwandani, hiyo kwa kawaida ilizikwa na mazabodi ya zamani.