Jibu: Kwa nini Lucile na Bruno hawakuambiana "nakupenda"?

Dada, umeuliza kwa nini kwenye filamu ya Suite Française, Lucile, yule mwanamke wa Kifaransa, na yule ofisa wa Kijerumani, Bruno, hawakutamkiana mapenzi hadi mwisho. Wangeanzia wapi? Ni Ufaransa ya 1940, iliyokaliwa na jeshi la Ujerumani, mume wa Lucile ni mateka wa Wajerumani, na Bruno anavaa sare ya hao hao. Neno moja tu lingekuwa usaliti. Kwa hiyo piano aliyoipiga Bruno nyumbani kwa Lucile ndiyo iliyowasemea. Hebu rudia pale kwenye kizuizi cha barabarani: Lucile ana mtu anayesakwa ndani ya gari, Bruno angeweza kumkamata, na anamwacha aende. Tuliitazama hapa Pasua, Moshi, mama akichambua maharage. Mikono yake ilisimama kwenye ungo mpaka gari likapita.