Shujaa Wako Umeme Kautoa Wapi?

Jumatatu usiku uliingia ujumbe wa msomaji wa riwaya yangu, mstari mmoja: "Kaka, nimefika sura ya 12. Huyu shujaa wako umeme anautoa wapi?" Hakuna salamu wala pole ya kazi. Sura 31 nimeziandika kwa simu, usiku, nikishafunga duka Kibokoni, na mtu ananiuliza umeme!

Sikumjibu. Nilinuna siku mbili, nasema kweli.

Nyinyi mnaoandika riwaya za aina hii mtanielewa. Wajapani wameipa jina, isekai, yaani ulimwengu mwingine: mtu wa zama zetu anajikuta katika nchi ya wafalme na wachawi, anawapelekea filamu na muziki, anatajirika. Wangu ni fundi simu wa Majengo. Katumbukia baharini pale Likoni, kaibukia kwenye ufalme usiojua hata redio. Sura ya 3 anatoa simu mfukoni, anawaonyesha filamu. Mfalme anapiga makofi. Sura ya 4, makofi. Ya 9, makofi na binti mfalme juu yake. Chaji haiishi mwezi mzima, na simu ilishalowa maji ya chumvi. Mimi mwenyewe siendi hata Kongowea bila chaja.

Kumbe msomaji kasema kweli, na ndilo lililoniuma.

Jumatano asubuhi nilikuwa kwa nyanya, tunakula mahamri kwa mbaazi. Nikamuuliza, kwa mazungumzo tu, siku ya kwanza kusikia santuri ilikuwaje. Akacheka. Alikuwa mtoto, kapelekwa kwa jirani mwenye gramafoni ya kuzungusha kwa mkono. Taarabu alikuwa akiijua ya arusini: wimbo ukikukuna, unainuka kumtunza mwimbaji kwa pesa. Ile santuri ilimkuna. Akainuka na senti kumi yake, ile yenye tundu katikati, akaizunguka mashine mara mbili, hajui amtunze nani. Mwisho akaitumbukiza ndani ya pembe. Wenye nyumba walihangaika kuitoa mpaka magharibi.

Hamri lilinipoa mkononi. Sura 31 nimeandika mashine, na mtu wa kuisikiliza sikumwandika hata mmoja.

Basi wenzangu, anzeni na msikilizaji. Usidhani ulimwengu ule hauna burudani yake. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, na santuri zake ziliporudi pwani zilimkuta mtu anayeijua taarabu, pesa ya kutunza iko tayari mkononi. Huyo ndiye wa kumwandika.

Na kifaa kisome kwanza. Mimi sikuwa na habari kwamba mwaka 1877 Edison alinasa sauti bila umeme wowote: silinda, karatasi nyembamba ya bati, sindano, na mkono wa kuzungusha. Karatasi yenyewe ilichakaa ikishachezwa mara chache. Hebu onjeni utamu huo! Mfalme anataka sauti ya marehemu mkewe, na kila akiisikiliza inazidi kufifia. Hata wale ndugu wawili Wafaransa, akina Lumière, waliowaonyesha watu filamu Paris mwaka 1895, mashine yao ilizungushwa kwa mkono. Yote haya yanasomeka, lakini sisi tunaona uvivu, tunampa shujaa simu isiyoisha chaji, halafu tunanung'unika kwamba wasomaji hawana subira. Anzeni na msikilizaji, narudia.

Nimezifuta zote 31. Nyingine zilikuwa nzuri, hasa ya 17, na sitaki kuizungumzia.

Sura mbili mpya nimemtumia yule yule. Fundi hana simu, ana bati, na kijakazi wa jikoni anatafuta pa kutia senti yake. Kakaa nazo siku nne ndipo akajibu: "Afadhali. Na hiyo sindano kaitoa wapi?"

Kwa mhunzi. Mhunzi yumo sura ya kwanza, hakusoma vizuri.