Mbavu za kitimoto kwenye oveni: zichemshwe kwanza?

Hapana, usizichemshe, utamu wote utabaki kwenye maji. Zifunge vizuri kwa foili, oveni nyuzi 140 za Selsiasi, uziache kwa saa mbili na nusu hadi tatu. Ugumu wa mbavu unatokana na kolajeni (protini ngumu inayoshikanisha nyama), na hiyo haiyeyuki kwa haraka. Nyama ikifika nyuzi 63 ndani imeiva na ni salama kuliwa, ila bado utaitafuna kama mpira. Ulaini unakuja ikikaribia 90 hadi 95. Kama huna kipimajoto, dunga kijiti cha meno kati ya mifupa. Kikipenya bila kugoma, tayari. Utaona pia nyama imerudi nyuma kidogo na ncha za mifupa zimechomoza.

Kabla ya kupaka viungo toa ule utando mweupe upande wa mifupa: ingiza ncha ya kisu chini yake, ushike kwa kitambaa kikavu (unateleza kweli), kisha vuta. Mimi niliwahi kuuacha kwa uvivu, wageni wakawa wanautoa mdomoni kimyakimya.

Sosi ipake mwisho kabisa, foili ikishafunguliwa, kisha rudisha kwenye oveni dakika 10 hadi 15 kwa nyuzi 220. Ina sukari nyingi, ukiipaka mapema inaungua na kuwa chungu. Halafu oveni nyingi za nyumbani, hasa za gesi, namba zake haziaminiki sana, kwa hiyo anza kuchungulia baada ya saa mbili.